Trela mpya, fundi ataka 146,000: kipi cha muuzaji, kipi chako?

Barua

Salamu aleikum fundi wetu,

Mwezi wa pili mimi na mume wangu tulinunua trela mpya ya kambi kutoka yadi moja ya Nairobi, kwa shilingi 680,000. Ni ya ekseli moja, ina hema la kukunjua juu, jiko la kuvuta nyuma, tangi la maji la lita 80, friji ya volti 12 na betri ya ampea-saa 100. Tangazo lao lilisema ni trela "ya porini, ya barabara yoyote". Tangu hapo tumekwenda nayo Tsavo Mashariki mara mbili tu, kupitia lango la Sala, tukiivuta na Prado. Kipya kinyemi, wasemavyo watu, lakini hiki kimetuchosha mapema.

Kasoro ni hizi. Habu (kitovu) ya gurudumu la kushoto inachemka na grisi imerukia rimu. Pale mkono wa kuvutia unapoungana na chasisi, upande wa kulia, pana ufa mwembamba. Usiku wa mvua maji yalidondoka ndani ya hema, na vumbi linajaa kwenye sanduku la jiko hata likifungwa. Friji huzimika kufikia saa sita usiku, ingawa gari linachaji betri mchana kutwa. Bolti na bawaba nazo zimeshaanza kutu.

Yadi inasema waranti ni ya miezi 12 lakini "haihusu uharibifu wa barabara mbovu", na wakikubali kuitazama, tuipeleke Nairobi kwa gharama yetu. Fundi wa hapa Malindi ametupa makadirio: ekseli mpya 60,000; kuchomelea mkono na kuongeza mabamba 25,000; turubai jipya 38,000; betri mpya 23,000. Jumla 146,000. Tulipe? Au tumgande muuzaji?

Mama Swaleh, Shela, Malindi

Jibu

Waaleikum salaam, Mama Swaleh.

Msilipe bado, na msiivute tena hadi ule ufa ujulikane ni wa nini. Katika zile 146,000, kwa maelezo yako, ekseli, turubai na betri pengine hazihitajiki hata moja. Kazi inayohitajika kweli ni ya mkono, na hiyo ndiyo isiyofaa kutoka mfukoni mwenu. Fundi wenu si lazima awe mlaghai. Kubadilisha kifaa kizima ni rahisi kuliko kutafuta kilichokiharibu, basi mafundi wengi huanzia hapo.

Nianze na ufa, maana mkono ukikatika njiani trela inabaki barabarani peke yake.

Pigeni picha kwanza, kabla ya kugusa chochote: moja ya mbali inayoonyesha trela nzima, moja ya karibu iliyowekewa rula pembeni ya ufa, na moja ya kibati cha namba ya chasisi. Kisha hakikisheni kama ni chuma kilichopasuka au ni rangi tu. Sugueni sehemu hiyo kwa brashi ya waya, isafisheni kwa petroli, ikauke. Pakeni dizeli, ngojeni nusu saa, pangusa vizuri kwa kitambaa kikavu, halafu pakeni chaki ya shule juu yake. Mtu mmoja aegemee mkono wa trela na kuutikisa juu na chini. Kama chuma kimepasuka, dizeli iliyojificha ndani ya ufa itapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Mwisho wa mstari ndio mwisho wa ufa, na aghalabu huwa mrefu kuliko unavyoonekana kwa macho. Fanyeni hivyo hivyo upande wa kushoto, hata kama hamwoni kitu. Picha ya chaki nayo iwekeni.

Angalieni pia ufa uko wapi hasa. Mara nyingi hauwi katikati ya weldi (mshono wa kuchomelea) bali kwenye chuma kilicho ubavuni mwake, pale moto wa kuchomelea ulipokibadilisha. Weldi iliyopita kukatisha upana wa bomba, hasa kwenye uso wa chini au wa juu ambako mvutano ni mkubwa, inaanzisha ufa kila trela inaporuka. Hilo ni kosa la mtengenezaji. Barabara ya Sala hulidhihirisha mapema tu.

Kwa sababu hiyo, kujaza weldi juu ya ufa hakusaidii, utarudi. Kubandika bamba nene la milimita 10 nako si dawa, kwani bomba linabaki gumu mahali pamoja na ufa unahamia pale bamba linapoishia. Kazi inayodumu inakwenda hivi: toboa tundu la milimita 3 au 4 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, chimba ufa kwa grainda uwe na umbo la V, jaza, sawazisha. Kisha weka bamba la unene unaokaribia wa bomba lenyewe (bomba la milimita 3, bamba la 3 au 4), refu, lililochongwa ncha pande zote mbili, kwenye ubavu wa bomba na si chini yake. Lichomelewe kwenye kingo za urefu tu. Ncha zisichomelewe kukatisha. Kama chasisi imechovywa zinki, zinki iondolewe kwanza kwa grainda, maana moshi wake ni sumu na weldi haikamati. Na betri ya trela pamoja na ya gari zichomolewe kabla ya mashine kuwashwa, la sivyo mtalipia na chaja ya sola, kama mnayo.

Kuna upande wenu pia, na muuzaji atauuliza: mzigo mlipanga vipi? Tangi la lita 80 likijaa ni kilo 80. Kama liko nyuma ya ekseli pamoja na magurudumu ya akiba, na mbele mmepakia gesi, jenereta na kuni, uzito uko kwenye ncha mbili. Trela ya namna hiyo hupiga mbizi mbele na nyuma kwenye kila wimbi la barabara, na kila mbizi inapinda mkono. Vizito viwe juu ya ekseli au karibu nayo. Uzito unaoshuka kwenye tobaa, yaani chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya gari, uwe kama asilimia 10 ya trela iliyojaa: trela ya kilo 1,100, basi kilo 110 hivi, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tobaa ya gari. Kuupima ni rahisi. Trela iwe sawa na ardhi, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, kisha kichwa cha mkono kikae juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani ya kupimia watu, kwa urefu ule ule wa tobaa. Angalia kwanza mizani yako inabeba kilo ngapi.

Habu ya kushoto haisubiri muuzaji. Hii fanyeni sasa hapa Malindi, ila mwambieni kabla, pigeni picha, na vipuri vya zamani vihifadhiwe ndani ya mfuko.

Habu mpya inachemka kwa moja ya mambo haya: nati ya kati imekazwa mno kiwandani, au imelegea, grisi imejazwa kupita kiasi ikasukuma sili (pete ya mpira inayoizuia kutoka), au maji yameingia. Hili la mwisho huwapata wengi bila kujua. Ukiingiza habu ya moto kwenye mto au dimbwi, hewa iliyo ndani inapoa ghafla, inajikunja, na kuvuta maji kupitia sili. Grisi iliyogeuka rangi ya maziwa ni ya maji. Grisi yenye chembe zinazong'aa, beringi imekwisha.

Kila habu ina beringi mbili, ndogo ya nje na kubwa ya ndani, na namba zake zimechongwa kwenye chuma chenyewe. Trela nyingi ndogo hutumia jozi ya LM11949 na LM67048, au LM12749 na L68149, lakini soma zako kabla ya kwenda dukani. Nunua beringi pamoja na vikombe vyake (pete ambazo roli huzunguka ndani yake), kwa kuwa kikombe cha zamani huua beringi mpya. Nunua pia sili mpya, spliti pini mpya, na grisi ya lithiamu namba 2. Fanyeni pande zote mbili, kwani upande wa kulia ulikazwa na mkono ule ule.

Beringi isukumiwe grisi mpaka itokee upande wa pili wa roli zake. Kuipaka juu juu si kuitia grisi. Nafasi ya ndani ya habu ijae theluthi hivi, isijae yote. Ukirudisha nati ya kati, ikaze huku unazungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, ilegeze kabisa, kisha irudishe kwa vidole tu hadi tundu la pini lilingane. Gurudumu likishikwa juu na chini lisicheze, au licheze kidogo sana. Ekseli mpya ya 60,000 inakuja tu kama chuma cha kati, pale beringi inapokaa, kimekwaruzwa au kimegeuka buluu kwa joto. Mwombeni fundi awaonyeshe hiyo buluu kwa macho yenu. Kama haipo, ekseli ni nzima.

Safari ijayo simameni baada ya kilomita 30 na mshike habu zote mbili. Vuguvugu ni kawaida. Usiyoweza kuweka kiganja juu yake ina tatizo, na moja ikiwa moto kuliko mwenzake kwa wazi, hiyo ndiyo ya kufungua. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 na baada ya 100. Za M12 kwa kawaida ni nyutoni-mita 90 hadi 110. Yubolti za springi, zile bolti zenye umbo la U, nazo hulegea kwenye trela yoyote mpya baada ya mzigo wa kwanza. Hiyo si kasoro, ni kazi ya spana ya dakika chache, ingawa muuzaji mzuri angewaambia. Lami ikiisha, punguzeni upepo wa matairi ya trela. Kama mnatembea na PSI 36, shukeni 26 hivi na mwendo upungue, kisha mjaze mkirudi kwenye lami.

Turubai: msinunue. Turubai la pamba au la pamba iliyochanganywa linavuja likiwa jipya, kwa sababu matundu ya sindano bado yako wazi. Kunjueni hema, lilowesheni kwa mpira wa maji mpaka lichuruzike, liacheni likauke kabisa, na mrudie mara mbili tatu. Uzi unavimba na kuziba matundu. Mshono utakaoendelea kudondoka upakwe nta ya nyuki kwa ndani. Sabuni msitumie, inaondoa dawa ya kuzuia maji. Kama hema ni la plastiki la PVC, hili halihusu, na mshono unaovuja huko ni wa muuzaji.

Vumbi la jiko ni jambo la mpira wa mlango. Fungieni kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, kisha mkivute. Fanyeni hivyo kila baada ya sentimita 20 kuzunguka mlango wote. Karatasi inapotoka bila kukwama, mpira haubanwi hapo. Wakati mwingine ni kitasa tu kinachohitaji kusogezwa, wakati mwingine mpira ni mwembamba mno. Nyuma ya trela inayokwenda hewa inakuwa hafifu na inanyonya vumbi, basi hata mwanya mdogo unatosha. Na fundi akitaka kuziba kwa silikoni ile inayonuka siki, mkatazeni: inakula chuma, na baadaye hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake.

Sasa friji. Hapa ndipo watu hutupa betri nzima kila siku.

Fanyeni hesabu. Friji ya aina hiyo inavuta kama ampea 5 kompresa inapofanya kazi, na kwa joto la kwetu hufanya kazi nusu ya muda. Usiku wa saa 12 ni ampea-saa 30. Betri ya asidi ya 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, basi mna 50 za kutumia. Ingejaa jioni, ingefika asubuhi. Inazimika saa sita usiku kwa sababu haikujaa.

Na haikujaa kwa sababu ya waya. Yadi nyingi zinatumia waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye tobaa hadi betri. Kutoka betri ya gari hadi ya trela ni kama mita 8, kwenda na kurudi 16. Waya huo wa shaba una ukinzani wa kama omu 0.11, na mkitaka ampea 20 zipite, volti 2.2 zinapotelea njiani. Altaneta inatoa 14.2, betri inapata 12.0, ambayo haichaji kitu. Kwa hiyo inapokea ampea chache tu mchana kutwa. Waya wa milimita 16 za mraba kwa urefu huo huo unapoteza volti 0.35 peke yake.

Pimeni wenyewe kwa mita. Ichajini betri usiku kucha kwa chaja ya umeme wa nyumbani, ichomoeni, na baada ya saa kadhaa msome volti. Ikisimama karibu na 12.7 na kubaki hapo hadi kesho yake, ni nzima. Kisha, baada ya safari ya mchana, wekeni mita kwenye betri ya trela gari likiunguruma: mkiona chini ya 13, lawama ni ya waya, si ya betri.

Dawa ni waya wa milimita 16 za mraba wenye nyuzi nyingi, wenye bati juu ya shaba kama mkiupata, kwani shaba tupu kwa hewa ya bahari inageuka kijani. Plagi ya Anderson, ile nene ya umeme mwingi, ya ampea 50. Chaja ya DC kwenda DC (inayopandisha volti za gari zifike za kuchajia) ya ampea 20 au 25 iliyofungwa karibu na betri ya trela. Na fyuzi ya ampea 40 karibu na kila betri, maana waya una umeme ncha zote mbili. Waya wa friji uwe wa milimita 6 za mraba, na ile plagi ya kiberiti cha gari itupwe, inalegea kwa mtikisiko. Kama ndani ya trela mtakuta waya mgumu wa nyumba, huo hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Piga picha, ni hoja nyingine kwa muuzaji.

Kutu ya bolti na bawaba andikeni kwenye orodha, lakini msiifanye kesi. Osheni trela kwa maji ya mfereji, yale ya Baricho, si ya kisima cha karibu na pwani, ambayo yana chumvi yenyewe. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikifungwa kwenye alumini ziwekewe washa za nailoni, la sivyo alumini italiwa.

Tuje kwa muuzaji. Kile kifungu cha "barabara mbovu" hakina nguvu anayoipa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iwe ya ubora wa kuuzika na ifae kazi ambayo muuzaji aliijua. Yeye mwenyewe ameitangaza kuwa ya porini. Hilo tangazo lihifadhiwe leo kabla halijafutwa. Kifungu cha 46 cha Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 viko upande wenu pia. Karatasi ya waranti ni ahadi ya ziada juu ya haki hizo. Ila angalizo moja: mnunuzi anayekaa na bidhaa muda mrefu bila kusema anaikataa, sheria humhesabu ameikubali, na baadaye anabaki na madai ya fidia tu. Kwa hiyo andikeni wiki hii.

Barua iwe fupi: tarehe ya kununua, bei, namba ya chasisi, orodha ya kasoro na picha. Ombeni mambo mahususi: kwanza, mkono utengenezwe kwa gharama yake, ama atume fundi Malindi, ama alipe lori la kuibeba (kuivuta hadi Nairobi na ufa ni hatari, semeni hivyo wazi), ama aidhinishe kwa maandishi fundi wa hapa kwa makadirio mtakayomtumia. Pili, arudishe gharama ya beringi na waya. Mpeni siku 14. Tumeni kwa barua pepe na WhatsApp, na yanayosemwa kwenye simu yafuatishieni ujumbe mfupi: "kama tulivyozungumza leo..." Risiti na ujumbe wa malipo wa M-Pesa wekeni pamoja.

Akinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai hadi shilingi milioni moja, si lazima muwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ulizeni kwenye ofisi ya usajili ya mahakama pale Malindi. Hapo mtahitaji makadirio ya mafundi wawili kwa maandishi, na wa pili asiwe rafiki wa yule wa kwanza. Kwenye makadirio yote mawili, mkono uandikwe peke yake, mbali na beringi na waya, ili ionekane wazi muuzaji anadaiwa nini.